Mkate Uliong'atwa

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka milima, Mavjuda alifagia ua wa bibi yake. Alianzia kwenye tanuri la mkate, akapita chini ya miti ya aprikoti, akamalizia kwenye mfereji unaopita nyuma ya ukuta wa udongo. Kwanza maji yalinyunyizwa kwa mkono ili vumbi lisiruke, kisha ndipo fagio. Zamani Mavjuda hakuhitaji kukumbushwa. Tangu arudi kutoka Moscow alisahau kila siku, na kila siku vumbi likatua kwenye chai ya Bibi Savri.

"Huko ulikotoka hawafagii?" Bibi aliuliza, akipangusa bakuli lake la chai kwa ncha ya mtandio.

"Kuna mashine, Bibi."

"Basi hapa mashine ni wewe. Nyunyiza maji."

Walikaa kula. Mavjuda akatoa mkate kwenye kitambaa na kuuweka mbele ya bibi yake, akauweka kifudifudi, uso chini. Bibi Savri aliugeuza mkate taratibu, akaupapasa kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka, kisha akaumega. Mavjuda aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hata mtoto wa miaka mitatu katika mtaa ule alijua mkate haulazwi uso chini, na yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Ukutani, juu ya magodoro wanapoketi, palikuwa na misumari miwili. Kila msumari ulibeba mkate uliofungwa kwa kitambaa cheupe. Mmoja ulikuwa wa mama yake Mavjuda, wa pili wake mwenyewe. Siku ya kuondoka, mwaka uliopita, mama na binti walisimama mlangoni, kila mmoja akang'ata mkate wake mara moja, na Bibi akaitundika iliyobaki. Msafiri akirudi, huuloweka mkate wake kwenye chai na kuumaliza, huku akiwasimulia watu wa nyumbani alikotoka na aliyoyaona. Asipoumaliza, ni kama hajafika bado.

"Leo?" Bibi aliuliza, akitazama msumari.

"Kesho, Bibi. Meno yananiuma."

"Meno hayo hayo jana yalivunja kokwa za aprikoti."

Mavjuda akajifanya hakusikia. Meno yake yalikuwa mazima. Lakini mtu hadanganyi huku ameshika mkate. Hilo alilijua tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Na safari aliyokuwa akiisimulia mtaani ilikuwa ya uongo kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Shuleni walimweka darasa la saba. Wenzake aliowaacha, akina Robiya, walikuwa la nane. Mavjuda alikaa dawati la nyuma kabisa, kwa sababu akikaa mbele wadogo wale hawaoni ubao. Asubuhi hiyo Mwalimu Latofat alimwita ajumlishe theluthi moja na robo tatu. Mavjuda alishika chaki, akatazama namba, akajumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Akaandika nne kwa saba.

"Mwalimu, huko Moscow ndivyo wanavyojumlisha," alisema Komron, mvulana wa dawati la kwanza. "Wana haraka, treni itawaacha."

Darasa likacheka.

"Na wewe jana ulipoulizwa ulinipa jibu gani, Komron? Basi nyamaza." Mwalimu akamgeukia Mavjuda. "Hesabu za sehemu mliishia wapi huko?"

"Tulifika mbali, Mwalimu. Ila tulisoma kwa Kirusi. Maneno yananichanganya."

Mwalimu Latofat alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Haya, kaa mwanangu."

Alipoulizwa mara ya kwanza kwa nini kawekwa na wadogo, Mavjuda alijibu kwamba kule wanahesabu madarasa tofauti. Uongo huo ukazaa mwingine. Wasichana walipomzunguka kwenye mfereji baada ya masomo na kuuliza shule ya Moscow ilikuwaje, alisema ina bwawa la kuogelea ndani ya nyumba, maji ya moto. Alisema mchana wanapewa supu ya nyama na keki. Alisema walimu hawapigi kelele, na kwamba mama yake ni keshia kwenye duka kubwa lenye ngazi zinazotembea zenyewe.

Bwawa lilikuwepo kweli. Mavjuda hakuwahi kuliona, lakini alijua lipo, kwa sababu mwaka mzima alitazama shule ile kupitia dirisha lililokuwa ng'ambo ya barabara, na siku fulani watoto walitoka wakiwa na nywele mbichi hata kwenye theluji. Yeye alikuwa ndani. Chumba kilikuwa kimoja, na watu walilala kwa zamu: wa usiku wakirudi, wa mchana wanaamka na kuwapisha magodoro. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wachanga wawili wa wanawake waliofanya kazi na mama yake. Shule ilisema haina nafasi kwa mtoto ambaye karatasi zake hazijakamilika. Kutoka nje hakutoki, maana polisi wakimwona mtoto mwenye sura ya kigeni barabarani saa za shule, wanauliza maswali. Mara moja tu alishuka kununua maziwa, na mwanamke mmoja kwenye foleni akamwambia jirani yake, kwa sauti, kwamba nchi imejaa watu weusi, tusi linalotupiwa wageni kama yeye. Mavjuda hakuwahi kujiita mweusi. Siku hiyo alijitazama mikono yake njia nzima.

Na mama hakuwa keshia. Alipiga deki ngazi za majumba marefu, ghorofa hadi ghorofa, na hakuna hata ngazi moja iliyotembea yenyewe.

Mambo hayo hakumwambia mtu. Baba yake alikwenda Urusi miaka mingi nyuma, akaoa huko, akaacha kupiga simu. Siku mama alipomrudisha Mavjuda, kwa kuwa mwenye chumba hakutaka tena watoto, alimshika mabega pale kituoni na kumwambia, "Wakikuuliza, sema niko dukani, mimi ni keshia. Mtaani kwetu nimebakiwa na jina tu. Baba yako aliondoka na nusu yake. Usiniondolee nusu iliyobaki."

Robiya alikuja jioni ya siku ile ya hesabu ubaoni, akiwa na nyundo ndogo, wavunje kokwa pamoja. Alikuwa rafiki wa Mavjuda tangu wote wawili hawajaota meno. Robiya aliwahi kumzalisha mbuzi wa jirani peke yake, wakubwa wakiwa mazikoni, na tangu hapo alisema atakuwa daktari wa mifugo na hakuna mtu aliyemcheka.

"Salaam aleikum, Bibi."

"Aleikum salaam, mama wa mbuzi. Ingia."

Walikaa chini ya mti. Robiya aligonga kokwa tatu nne, huku midomo yake ikitaka kucheka.

"Nini wewe?" aliuliza Mavjuda.

"Niulize tena."

"Nini?"

"Nakwenda Moscow." Robiya akaachia nyundo. "Mjomba Qodir kamwambia mama. Mkewe ameanza kazi, wanataka mtu wa kukaa na watoto. Nitakuwa nawasaidia kidogo, halafu nasoma. Mama alikuwa hataki kabisa. Nikamwambia, mama, muulize Mavjuda, si katoka huko juzi tu? Shule ina bwawa la maji moto. Akafikiri siku tatu, jana kakubali."

Mavjuda aligonga kokwa kwa jiwe, jiwe likamwangukia kidole.

"Mjomba wako kasema utasoma?"

"Si ndivyo wewe ulivyosoma?"

"Watoto wake wangapi?"

"Watatu. Kwani wewe polisi?"

"Robiya, usiende. Kuna baridi. Halafu... darasa la nane si la kulikosa."

Robiya akamtazama, kicheko kikamtoka usoni. "Nitalikosaje na mimi nasoma huko?" Akasukuma kokwa pembeni. "Aa, nimeelewa. Wewe uogelee, ule keki, mimi nibaki hapa nikamue mbuzi. Ukitaka kuwa peke yako mtu wa Moscow, sema tu."

"Sio hivyo."

"Basi vipi?"

Mavjuda alikuwa na jibu, lilikuwa limefika mpaka kwenye ulimi. Akaikumbuka mikono ya mama yake mabegani mwake pale kituoni, na yale maneno ya nusu iliyobaki. Akasema, "Hakuna. Nakutania."

Robiya akacheka tena, akaokota nyundo. "Ijumaa nang'ata mkate. Njoo na Bibi."

Usiku huo hakupata la kufanya. Kesho yake mama alipopiga simu ya video, akiwa amekaa kwenye ngazi kabla ya kuanza kazi, Mavjuda alitoka nayo nje mpaka kwenye mfereji.

"Mama, Robiya anataka kuja huko. Kwa mjomba wake."

"Maskini mtoto wa watu," mama alisema. Akafunika mdomo kama aliyetaka kulirudisha neno.

"Naweza kumwambia?"

Nyuma ya mama taa ya ngazi ilizimika, akapunga mkono ikawaka. "Ukimwambia yeye, atamwambia mama yake. Mama yake atauambia mtaa. Mimi nitarudi wapi, Mavjuda? Nitapita njia ipi?"

"Sijui, Mama."

"Mimi pia sijui. Nakwenda kazini."

Simu ikakatika. Mavjuda akabaki anatazama maji ya mfereji yakipita na majani ya mizabibu.

Ijumaa asubuhi Bibi Savri alivaa mtandio wake wa kwenda kwa watu, akamchukua Mavjuda. Nyumbani kwa Robiya wanawake walikuwa wamekaa tayari. Sanavbar, mama yake Robiya, alikuwa ametoa mikate kwenye tanuri, uso wake mwekundu kwa moto, na macho yake mekundu kwa jambo jingine. Alikuwa mjane. Robiya alikuwa mwanawe wa pekee wa kike. Mlangoni kulikuwa na begi limefungwa kwa kamba, maana gari la kwenda mjini lilikuwa la mchana.

"Tufanye," alisema shangazi yake Robiya, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. "Nani anashika mkate?"

"Anashika aliyekwenda akarudi salama," alisema Sanavbar. "Mavjuda, njoo mwanangu."

Mavjuda akainuka. Sanavbar alichagua mkate mzuri kuliko yote, wenye alama za nakshi katikati na ufuta juu, akamwekea mikononi. Ulikuwa bado wa moto. Robiya akasimama mbele yake, amevaa gauni jipya, akafungua mdomo kwa mzaha kama kinda la ndege. Wanawake wakacheka.

"Ngoja," alisema shangazi. "Huyu mkate wake ameshaumaliza? Anayeshika lazima awe ameumaliza wake."

"Karudi mwezi mzima," alisema Sanavbar. "Si umeumaliza, mwanangu?"

Neno moja tu lilihitajika. Mavjuda alimtazama bibi yake. Bibi Savri alikuwa anatazama bakuli lake la chai, hakumsaidia na hakumzuia. Joto la mkate lilikuwa linaingia kwenye viganja.

"Bado," alisema Mavjuda.

"Bado? Unangoja uote mizizi?" aliuliza shangazi.

"Ukila unasimulia," alisema Mavjuda. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi wanawake wanyamaze wamsikie. "Na mimi niliyowasimulia sio kweli. Sikusoma. Hata siku moja. Shule niliiona dirishani."

Robiya alikuwa bado karibu na mkate. "Acha utani. Gari ni la mchana."

"Nililea watoto. Walikuwa wawili tu, na sikuweza kushika kitabu. Wewe utalea watatu. Kutoka nje ni hatari. Ndiyo maana niko la saba, Robiya, sio kwamba wanahesabu tofauti."

"Muongo wewe. Anaona wivu huyu, mama. Tangu juzi anaona wivu."

"Tangu juzi anadanganya, au anadanganya leo?" aliuliza shangazi. "Mama yako keshia wa duka kubwa, ana mshahara wake, alishindwa kukuandikisha shule?"

Mavjuda akafungua mdomo. "Mama..." alisema, akamgeukia bibi yake. 

"Binti yangu anapiga deki ngazi," alisema Bibi Savri.

Aliliweka bakuli chini.

"Anapiga deki ngazi za watu, analala kwenye godoro ambalo mwenzake ameliacha bado lina joto. Hakuniambia. Ila mimi nimeizaa ile mikono, na kwenye simu inaonekana. Mwenye swali aniulize mimi. Mtoto mwacheni."

 Shangazi alirekebisha mtandio wake. Sanavbar alikwenda pembeni, akachukua simu, akampigia kaka yake, akawasha spika. Wote walisikia.

"Qodir, Robiya akija ataanza shule lini?"

"Dada, habari za asubuhi kwanza."

"Lini?"

"Watoto watatu, dada, na mke wangu anatoka alfajiri. Aje kwanza, azoee. Mambo ya shule tutaona baadaye."

"Baadaye lini?"

"Tutaona, dada. Mbona unanihoji hivi?"

Sanavbar akakata simu. Akarudi, akauchukua mkate mikononi mwa Mavjuda bila kumtazama usoni. Akaumega katikati, kisha vipande vinne, kisha vidogo, akaviweka kwenye kitambaa mbele ya wanawake. Mkate wa safari haumegwi, hung'atwa mara moja na kutundikwa. Kila aliyekuwa pale alielewa kwamba Robiya haendi.

"Kuleni," alisema Sanavbar. "Unapoa."

Robiya alikuwa amesimama pale pale na gauni lake jipya.

"Mwezi mzima," alimwambia Mavjuda. "Umeniacha mwezi mzima nalala na Moscow yako kichwani. Wewe angalau ulikuwa nayo, hata ya uongo. Mimi sasa sina hata hiyo."

Akaingia ndani na kufunga mlango.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Mtaani wanawake walikatisha mazungumzo Mavjuda akipita. Shuleni Komron alimletea kikombe cha maji. "Bwawa hili hapa, ogelea," akasema, na darasa zima likacheka, ila safari hii Mwalimu Latofat alimtoa nje asimame mpaka kengele. Kisha akamwita Mavjuda.

"Sehemu ngapi hukusoma?"

"Zote, Mwalimu."

"Sasa tunaweza kuanza. Ulipokuwa unasingizia Kirusi, sikujua nianzie wapi. Baki kila Jumanne na Alhamisi."

Robiya hakuzungumza naye. Wakikutana mferejini aligeuza ndoo na kwenda kuchota juu zaidi.

Mama hakupiga simu. Alipopiga hatimaye, aliomba azungumze na Bibi, wakazungumza kirefu chumbani. Kisha Bibi akamletea Mavjuda simu. Mama alikuwa ameshika mkono wake mmoja mbele ya kamera, anaugeuza huku na huku.

"Kumbe inaonekana hivi," alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Robiya yuko wapi?"

"Yupo hapa, anasoma."

Mama alikubali kwa kichwa, mara mbili. Alilia kidogo, akafuta uso kwa kiwiko. "Sijui nitarudi lini, mwanangu. Si mwaka huu. Nilikuwa nakuambia mwaka huu. Huo nao ulikuwa uongo, wa kwangu."

Mavjuda aliporudisha simu, Bibi Savri alikuwa amesimama juu ya kigoda, anauondoa mkate kwenye msumari. Safari hii hakuuliza. Alikifungua kitambaa. Mkate ulikuwa mgumu kama kigae, na pembeni palikuwa na alama ya meno madogo, meno ya Mavjuda wa mwaka jana. Bibi akamimina chai ya moto kwenye bakuli kubwa, akavunja kipande kwa kuugonga mkate kwenye jiwe la mlangoni, akakitumbukiza.

"Kaa."

Mavjuda akakaa. Kipande kililainika polepole. Alikitia mdomoni. Kilikuwa na ladha ya vumbi na ya moshi wa mwaka mzima.

"Bibi, ulijua kuhusu Mama. Na kuhusu mimi ulijua?"

"Nilijua hutaki kula. Mtu mwenye habari njema hangoji mwezi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenidanganya na mimi, tukawa wawili wa kuona aibu." Bibi akasukuma bakuli karibu. "Sikiliza, Mavjuda. Hukuwa mtoto mbaya. Uliteseka, ukaona aibu, ukajifunika. Kila mtu hujifunika. Lakini ulijifunika kwa kitu ambacho mwenzako alikiona kizuri, akafunga mizigo ahamie humo. Hapo uongo ukaacha kuwa wako peke yako. Ukitaka kujua kama neno lako lina madhara, angalia nani ataishi ndani yake. Na mama yako, kupiga deki si aibu. Aibu ni yetu sisi wa hapa, tuliomfanya aogope kulisema. Hilo nitawaambia mtaani mimi mwenyewe, nina muda na nina mdomo."

Mavjuda akatafuna. Machozi yaliingia kwenye chai na hakuyafuta.

"Sasa simulia," alisema Bibi. "Anzia mlangoni."

Akaanza. Alisimulia treni, siku baada ya siku za miti myeupe isiyo na majani. Alisimulia chumba, na magodoro, na watoto wale wawili ambao mmoja alimwita yeye mama kabla hajamwita mama yake. Alisimulia mwanamke wa foleni ya maziwa. Alipofika kwenye dirisha, alisikia geti likilia.

Robiya alikuwa amesimama uani, ameshika bakuli la zabibu alizotumwa na mama yake. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini. Hakusalimia. Bibi Savri alisogea kidogo kwenye godoro, akampisha nafasi, na baada ya kusitasita Robiya akaja kukaa, si karibu na Mavjuda, karibu na Bibi.

"Endelea," alisema Bibi.

"Mchana watoto wa shule walikuwa wanatoka," alisema Mavjuda. "Wengine nywele mbichi. Mmoja nilimpa jina. Alikuwa na begi la buluu. Kila siku alikuwa anasahau kofia, anarudi kuifuata."

 Kipande cha mwisho cha mkate kilikuwa kinazama kwenye chai.

"Ulimpa jina gani?" aliuliza Robiya, akitazama zabibu.

"Lako."

Robiya akasogeza bakuli la zabibu katikati ya godoro, mahali ambapo mkono wa Mavjuda ungeweza kulifikia.

"Theluthi moja na robo tatu," alisema. "Na ukiniambia tena nne kwa saba, naondoka."

Mavjuda akamaliza mkate wake. Ukutani msumari mmoja ulikuwa mtupu. Kwenye wa pili, Bibi Savri alifungua kitambaa, akapangusa vumbi kwenye mkate wa binti yake, akaufunga upya na kuutundika.